Kinda Anayepigiwa Debe: Namna ya Kumsubiri Bila Kumwonea

Ujumbe huwa unaniingilia alfajiri, nikiwa natoka zamu ya usiku: "Tumempata!" Maana yake msichana fulani wa sekondari, mwenye nyota tano mbele ya jina lake, alama ya juu kabisa ya wanaopima vipaji, ametangaza kwamba anakuja kuchezea timu ya mpira wa kikapu ya wanawake ya chuo chetu. Kutoka siku hiyo hadi avae jezi ni karibu mwaka mzima, na mwaka huo wote watu wanampigia hesabu: atafunga pointi ngapi, atamtoa nani kwenye kikosi cha kwanza, atatufikisha fainali msimu upi. Nimekata tiketi za msimu mzima kwa miaka 12 mfululizo. Nimesubiri makinda wengi wa namna hii, na mmoja nilimsubiri vibaya sana. Nitafika huko.

Nianze na orodha, kwa sababu ndiyo inayoanza kutuvuruga.

Wanaopanga orodha za viwango vya wachezaji wa sekondari Marekani wanaijua kazi yao. Wanakwenda kwenye mashindano ya klabu ya majira ya joto, wanamtazama msichana akiwa na miaka 15, 16, 17, wanarudi tena. Shida iko kwetu tunaoisoma. Orodha inakuambia nani alikuwa bora miongoni mwa rika lake. Sisi tunaigeuza ratiba: namba moja lazima atawale mwaka wa kwanza, namba mbili afuate nyuma yake.

Chukua kundi lililoingia vyuoni mwaka 2020, kisha urudie zoezi hili na kundi lolote upendalo. Tano bora za ESPN, kituo cha televisheni cha michezo, zilikuwa hivi: Paige Bueckers, Angel Reese, Cameron Brink, Caitlin Clark, Kamilla Cardoso. Waliopanga walipatia, wote watano wamekuwa wachezaji wakubwa. Sasa tazama njia walizopita. Bueckers alifika UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) akafunga wastani wa pointi 20 na kuwa mchezaji wa kwanza wa mwaka wa kwanza kupewa tuzo ya mchezaji bora wa mwaka ya AP, shirika la habari. Baada ya hapo goti lilimsumbua, msimu wa 2022–23 akaukosa wote, na ubingwa wa taifa aliupata Aprili 2025, mwaka wake wa tano chuoni. Reese alivunjika mfupa wa unyayo akiwa amecheza mechi nne tu Maryland. Alihamia LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, na mwaka 2023 akawa bingwa. Brink alitwaa ubingwa na Stanford mwaka wake wa kwanza kabisa. Clark, namba nne, aliongoza nchi nzima kwa kufunga tangu msimu wa kwanza, akaondoka Iowa na pointi 3,951, rekodi ya daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, lakini fainali mbili alizocheza alipoteza zote. Cardoso alianzia Syracuse, akahamia South Carolina, akakaa misimu miwili akitokea benchi nyuma ya Aliyah Boston. Mwaka 2024 akachaguliwa mchezaji bora wa hatua ya nne bora, yaani nusu fainali na fainali za taifa, timu yake ikimaliza mechi 38 bila kufungwa hata moja.

Kwa hiyo kinda wako akitangazwa, fanya hivi: andika jina lake kwenye karatasi, na chini yake andika njia hizo tano. Jiulize kama una moyo wa kuivumilia kila moja. Mimi hufanya hivyo kwa kalamu, kila mwaka, na karatasi naibandika mlangoni mwa jokofu.

Kisha hesabu miaka. Hapa mashabiki waliozoea mpira wa wanaume huwa wanateleza. Kwa wanaume nyota huja, hucheza msimu mmoja, huyo ameenda zake. Kwa wanawake kanuni za WNBA, ligi ya kulipwa, ni tofauti: mchezaji wa Marekani kwa kawaida huingia kwenye uteuzi, pale timu zinapochagua wachezaji wapya, mwaka anaotimiza umri wa 22, au anapohitimu chuo, au miaka minne tangu amalize sekondari. Msichana anayekuja akiwa na miaka 18 ana muda. Sioni sababu ya wewe kumharakisha wakati hata ligi yenyewe haimharakishi.

Anachokutana nacho Novemba

Mechi nyingi za sekondari ni dakika 32, na yapo majimbo ambayo hayatumii saa ya kushambulia. Chuoni ni robo nne za dakika 10, na timu ina sekunde 30 za kutupa. Akishapata makosa (faulo) mawili nusu ya kwanza ya mechi, makocha wengi humrudisha benchi. Akifikisha matano ametoka. Anayemkaba ana miaka 22, amenyanyua vyuma misimu minne, na usiku wa jana alikuwa anatazama video zake.

Video ndizo zinazowaangusha wengi. Novemba na Desemba ratiba huwa na wapinzani wepesi kadhaa, na kinda mwenye kipaji anafunga 18, anafunga 22, watu wanaanza kumfananisha na wakubwa. Inaingia Januari, mechi za kanda zimeanza, wapinzani wote wana video za miezi miwili. Usimhukumu kwa Novemba, iwe kwa sifa au kwa lawama. Mimi hufungua daftari rasmi Januari.

Nikusimulie usiku mmoja wa Januari uliopita, kwa sababu ndani yake kuna karibu kila kitu ninachotaka uone. Kinda wetu aliingia robo ya pili. Akapokea mpira upande wa kushoto, akaenda mkono wake wa kulia. Beki akachepuka hatua moja, akamziba. Dakika mbili baadaye, mpira uleule, upande uleule, mkono uleule. Safari ya tatu beki hakungoja hata aanze kudunda, alishatanguliza mkono, akaupokonya na kwenda kufunga peke yake. Nyuma yangu bwana mmoja akasema kwa sauti, "Ndiye huyu tuliyeambiwa?"

Wenzangu waliufuata mpira kwa macho. Mimi nilibaki na benchi. Kocha msaidizi alikwenda kukaa naye na kishikwambi, akasimamisha picha, akapitisha kidole kwenye kioo kutoka kona hadi chini ya kikapu. Msichana akatikisa kichwa. Akaomba airudishe. Wakaitazama mara tatu, taulo likiwa shingoni na jasho likidondokea kioo.

Robo ya nne alirudishwa. Mpira upande wa kushoto. Akaangusha bega la kulia kana kwamba anakwenda kulekule, beki akaruka kuziba, na yeye kwa mkono wa kushoto akaupitisha mpira chini, ukadunda mara moja na kumfikia mwenzake aliyekuwa anakata kutoka kona. Pointi mbili, na si zake. Takwimu za usiku ule zilisoma: pointi tatu, amepoteza mpira mara nne. Bwana wa nyuma alikwishaondoka kuwahi maegesho.

Cha kuandika daftarini

Daftari langu lina safu chache. Dakika alizocheza, na hasa dakika za robo ya nne mechi ikiwa ngumu, maana hapo ndipo kocha anaposema kweli yake. Mara alizopoteza mpira, na namna: pasi mbaya ni somo tofauti na kupokonywa. Makosa. Mitupo huru, kwa sababu hakuna anayemkaba pale, kwa hiyo inaniambia habari za mkono wake na pumzi zake. Pointi naziandika mwisho.

Safu ninayoipenda haina namba. Ni ya ulinzi akiwa mbali na mpira. Makinda karibu wote wana kasoro moja: wanatazama mpira, na mtu wao anawapitia mgongoni. Sekondari alikuwa mwepesi kuliko wote, akichelewa anawahi. Chuoni ukichelewa nusu hatua umefungwa. Mtazame kichwa chake. Siku utakayoona shingo inageuka, mpira, mtu wake, mpira, mtu wake, bila kukumbushwa na mtu, jua amekua. Mimi huweka nyota ndogo siku hiyo, na tarehe.

Nafasi anayocheza nayo ina uzito. Niliwahi kucheza nafasi ya kati nikiwa sekondari, kwa hiyo huenda nawapendelea, lakini wachezaji warefu wa chini ya kikapu wanahitaji muda kuliko wote. Sekondari walikuwa wanapokea mpira juu ya vichwa vya watu na kuuweka tu. Chuoni wanakuta watu wa urefu wao wenye makalio mazito, wanasukumwa hatua mbili nje ya pale walipozoea, na hatua mbili hizo ni mchezo mwingine kabisa. Lauren Betts alikuwa namba moja wa kundi la 2022. Msimu wake wa kwanza pale Stanford alicheza kama dakika 10 kwa mechi na kufunga wastani usiofika pointi sita. Nakumbuka watu walivyomwita hasara. Alihamia UCLA, chuo cha Los Angeles, na msimu wa 2024–25 alifunga wastani wa pointi 20 na kuifikisha timu nne bora. Baadaye alieleza hadharani jinsi alivyokuwa akipambana na msongo wa mawazo. Yale maneno yetu yalikuwa yanamfikia mtu wa namna hiyo.

Anayemiliki mpira naye ana mzigo wake, maana lazima ajue kazi za wenzake wanne. Mpigaji wa mbali ndiye anayeweza kukufurahisha mapema, ila usishangae Februari mitupo yake ikianza kugonga ukingo wa mbele wa kikapu. Hiyo ni miguu iliyochoka. Hajawahi kucheza msimu unaoanza Novemba na kukaribia Aprili, safari za ndege katikati ya wiki, mitihani ya Desemba.

Na kushuka katikati ya msimu si kifo. Breanna Stewart aliingia UConn mwaka 2012 akiwa namba moja, na katikati ya msimu ule wa kwanza alipotea kabisa, kocha wake akiwa mkali kwake. Ilipofika nne bora ya 2013 alifunga 29 nusu fainali na 23 fainali, akachaguliwa mchezaji bora. Alimaliza chuo na ubingwa mara nne katika miaka minne. Aliyefunga daftari lake Januari alikosa hayo.

Yupo pia anayekuja kisha hakai. Elena Delle Donne alikuwa kinda aliyesubiriwa kuliko wote mwaka 2008. Alifika UConn, baada ya siku chache akarudi nyumbani Delaware, karibu na dada yake ambaye haoni wala hasikii. Mwaka ule alicheza voliboli. Kisha akarudi kwenye kikapu na chuo cha Delaware, na baadaye akawa mchezaji bora wa WNBA mara mbili, 2015 na 2019. Siku hizi uhamisho ni mwepesi zaidi, tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama bila kukaa nje msimu mzima kama zamani. Akiondoka, mtakie heri na umwombee afya. Najua inauma. Mimi bado ninazo jezi mbili kabatini za watu waliohama, na siku wakicheza nazivaa nikiwa mbele ya televisheni.

Goti

Hili nalitenga kwa sababu ndilo linalonikosesha usingizi. Katika mchezo huu wasichana hukatika ukano wa mbele wa goti mara nyingi zaidi kuliko wavulana, na kipaji hakimkingi mtu. Azzi Fudd, namba moja wa 2021, aliukata akiwa bado sekondari, akaukata tena Novemba 2023 baada ya mechi mbili tu za msimu. Raven Johnson, aliyekuwa wa pili kwenye kundi hilohilo, msimu wake wa kwanza South Carolina uliishia mechi ya pili. JuJu Watkins wa USC (Chuo Kikuu cha Southern California) aliweka rekodi ya pointi 920 msimu wa kwanza, wastani wa 27.1, na msimu uliofuata, Machi 2025, goti likamkatikia katikati ya mashindano ya taifa.

Likitokea kwa kinda wako, jambo la kwanza: usiulize tarehe ya kurudi. Kupona kwa kawaida huchukua miezi tisa hadi mwaka, na mwili haupokei maombi ya mashabiki. La pili: akirudi, mpe msimu mwingine kabla ya kusema "si yule." Wiki za mwanzo utamwona anatua kwa mguu mmoja, anasita kabla ya kukata kona. Anaujaribu mguu. Fudd alirudi, na katika fainali ya Aprili 2025 UConn ilipoifunga South Carolina 82 kwa 59 alifunga pointi 24 na kuchaguliwa mchezaji bora wa nne bora. Johnson naye ndiye aliyekabidhiwa kumkaba Caitlin Clark kwenye fainali ya 2024, mwaka mmoja baada ya Clark kumpungia mkono uwanjani, kama kusema Johnson aachwe tu atupe kwa kuwa hawezi kufunga, na timu yake ikashinda 87 kwa 75.

Mdomo wako na simu yako

Tangu tarehe 1 Julai 2021 wanafunzi wanaruhusiwa kupata fedha kwa majina yao, na tangu hapo nasikia sana hoja hii: analipwa, basi avumilie matusi. Siikubali. Fedha hazimfundishi mtu kumkaba mwenzake mwenye miaka 22. Zinalipia jina, na jina mmelivumisha ninyi.

Usimwekee dau. Nasema hili nikijua wengi mnaweka. Dau la pointi zake binafsi linakufanya uanze kumdai mtoto wa watu. Hali imekuwa mbaya kiasi kwamba Machi 2024 rais wa NCAA, Charlie Baker, aliyataka majimbo yapige marufuku dau za namna hiyo kwa wachezaji wa vyuo, akitaja unyanyasaji wanaoupata. Kama una la kusema kuhusu ulinzi wake, mwambie jirani yako wa kiti. Usimtumie yeye. Simu yake iko kwenye begi chini ya benchi na ataifungua akifika chumba cha kubadilishia nguo.

Nilisema nitafika kwa yule niliyemsubiri vibaya. Ilikuwa msimu wangu wa tatu wa tiketi. Alikuja na sifa zote, na mwezi wa pili bado alikuwa anakosa mitupo ya wazi. Usiku mmoja akakosa mitatu mfululizo, nikasimama nikapiga kelele, kwa jina lake, kwamba arudi sekondari. Safu mbili mbele yangu alikaa mama amevaa jezi yenye namba ileile, lakini rangi hazikuwa za chuo chetu. Ilikuwa jezi ya sekondari. Hakugeuka. Alichukua koti lake magotini, akalivaa, akafunga zipu mpaka shingoni, namba ikafichika. Akakaa hivyo mpaka mwisho wa mechi, na ukumbi ule una joto.

Sikupata nafasi ya kumwomba radhi. Mwaka uliofuata binti yake alihama.

Tangu hapo nina utaratibu: nikihisi nataka kupiga kelele, naandika. Kurasa nyingine za daftari langu zina mwandiko mkubwa uliochimba karatasi.

Ukienda na mtoto

Mtoto wa kaka yangu ana miaka 11 na hucheza timu ya shule. Siku kinda wetu alipokaa benchi robo nzima aliniuliza, "Shangazi, mbona hachezi? Si ndiye bora?" Nilimwambia tumtazame anavyokaa. Tukamtazama: wenzake wakifunga ananyanyuka, kocha akiita mapumziko yeye ndiye wa kwanza kupeleka maji, macho yake yanamfuata mchezaji wa nafasi yake. Mtoto akaazima kalamu yangu. Kufika mapumziko alikuwa amehesabu mara tisa alizosimama.

Mfundishe mtoto kuona vitu hivyo. Na baada ya mechi, hata waliyofungwa, mpeleke kule wachezaji wanakopita. Yule kinda wa Januari, wa pointi tatu, alitoka na mfuko wa barafu umefungwa gotini kwa plastiki, akasimama kwa kila mtoto aliyekuwa pale. Alipofika kwetu mtoto wa kaka yangu akamwambia, "Ile pasi ya mkono wa kushoto ilikuwa nzuri." Msichana akacheka, akauliza, "Uliiona?"

Kwa mechi ya kwanza ya msimu, basi, fika saa moja kabla, wakati ukumbi bado una viti vitupu na mpira unasikika unavyodunda. Mtazame anapopasha misuli: anatua kwa miguu yote miwili, anaongea na nani, anatumia mkono upi akidhani hatazamwi. Beba daftari lenye kurasa za kutosha. Ukurasa wa kwanza andika jina lake na namba ya jezi, halafu ugawe sehemu nne kwa rula, moja kwa kila msimu. Ile ya kwanza iachie nafasi ndogo kuliko zote.